Koti la Makambako

Tangu mke wangu afariki mwezi wa tatu, nimegundua kuwa Njombe nzima ni mafundi wa makabati ya watu. Siku zote nilidhani ujuzi wetu hapa ni viazi, mbao na parachichi. Kumbe! Mtu mlango wa choo chake anaufunga kwa tofali, lakini mpe dakika mbili za kukupa pole, atakueleza nguo za marehemu zitoke lini, zitoke na nani, na zipitie mlango upi.

Jirani wa upande wa juu alisema zitoke kabla ya arobaini. Wa upande wa chini akasema mwaka, tena mwaka kamili, usipungue hata wiki. Dereva wa bodaboda, kijana ambaye hata kuoa hajaoa, alinishauri nizichome zote kisha nihame chumba. Baba mdogo alipiga simu kutoka Ludewa kunikumbusha nigeuze kitanda, kichwa kiende kwenye miguu. Nikageuza. Tangu hapo kila nikiamka usiku kwenda haja ndogo nakutana na ukuta pale ulipokuwa mlango, na paji la uso limeota nundu ya fahali.

Mimi ni mchuuzi wa viazi. Kwa miaka 26 nimenunua viazi shambani, nimepakia, nimepeleka Makambako kwenye malori ya Dar es Salaam. Mzigo naujua. Sheria ya Vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kila mwaka Wakala wa Vipimo wanatukumbusha hivyo, na kila mwaka kuna mtu anafunga lumbesa: gunia limejaa pomoni, halafu linavishwa kilemba cha viazi vingine juu, linashonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Hivyo ndivyo nilivyofungwa mimi. Huzuni yangu peke yake ilitosha kilo mia. Kila aliyepita kunipa pole akaniongezea kilemba cha ushauri, akashona, akaenda zake.

Kwa hiyo niliamua kutofanya lolote. Kabati nikalifunga, ufunguo nikauweka juu yake, nikalala nimelipa mgongo.

Na kabati lenyewe nina kesi nalo ya siku nyingi. Lina milango mitatu. Tulipolinunua, mwaka wa pili wa ndoa, tulikubaliana mlango mmoja wangu, mmoja wake, wa katikati wa mashuka. Baada ya miezi sita mashuka yalihamia kwenye sanduku. Baada ya mwaka suruali zangu zilihamia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, na nikaambiwa pale zinapata hewa. Miaka 31 nimevaa suruali zilizopata hewa. Sasa kabati lote ni langu, milango mitatu, na suruali bado ziko kwenye msumari.

Siku ya 19 baada ya mazishi wakaja akina mama watano wa VICOBA. Niliwachemshia chai mwenyewe. Wakaisifu, ndipo nikajua wana shida kubwa, kwa sababu chai ile hata mimi ilinishinda. Wakaimba wimbo mmoja, wakaomba, wakanipa pole, kisha kikaingia kile kimya cha watu waliokuja na la pili.

"Baba," akaanza mwenyekiti, "kuna kajambo kadogo."

Kajambo kenyewe kalikuwa hivi. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, wa nyumba tatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Ulinzi safi kabisa dhidi ya mwizi. Habari za kifo hakuna aliyezifikiria. Ufunguo wa tatu alikuwa nao mke wangu. Wiki tatu kikundi kizima hakijaweka hisa wala kukopeshana. Kuna anayedaiwa ada ya mtoto, kuna anayetaka mbolea, na hela yao wanaisikia ikicheza ndani kila wakilitikisa sanduku.

"Tungeweza kukata kufuli," alisema, "lakini tukaona si heshima."

Nikasema nitautafuta, nitawapelekea. Wakasema hapana haraka, watasubiri nje. Wakakaa juani kwenye mkeka wangu, wamenyoosha miguu, watano, wakinitazama dirishani.

Ndivyo nilivyolifungua kabati. Wataalamu wote wa Njombe hawakuniweza, kikaniweza kipande cha chuma kisichofika urefu wa kidole.

Harufu ilitoka kwanza. Sabuni ya mche na majani makavu ya mlingoti, aliyoyaweka kila kona kuzuia wadudu. Nilikaa kitandani kidogo. Akina mama dirishani wakageuza nyuso zao kuangalia kuku.

Kisha nikahesabu, kwa sababu kuhesabu ndiko ninakokujua. Vitenge 34. Vinane kati yake havijashonwa, vina karatasi zake. Nimehesabu mara mbili kama ninavyohesabu magunia, na jibu ni lilelile. Huyu ni mwanamke ambaye kila ikikaribia harusi aliniambia hana nguo ya kuvaa, na mimi nikauza viazi kwa bei ya hasara. Chini ya vitenge, sufuria nne. Tatu nazijua. Ya nne, kubwa, ina nukta mbili nyekundu za rangi ya kucha chini ya ukingo, alama wanazoweka akina mama ili vyombo visipotezane kwenye misiba na harusi. Nukta zetu sisi ni za bluu. Kuna hotipoti ya mtu. Kuna kitenge chenye jina la kwaya ambayo hakuwahi kuimba. Nusu ya kabati langu, niliyonyimwa miaka 31, ilikuwa imepangishwa mali za watu wengine.

Ufunguo haukuwepo. Nilipekua mifuko yote, mikoba yote, hata soksi. Likabaki koti.

Lilikuwa limening'inia mwisho kabisa: koti la sufu, refu, rangi ya kahawa iliyokolea, vifungo vitano vikubwa, kimoja hakifanani na wenzake. Tulilinunua Makambako mwaka 2009. Muuzaji alitaka 18,000. Mke wangu alizaliwa Makambako; baba yake alifika pale kama kibarua wa TAZARA, reli ile ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilipokuwa inajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, akaona upepo wa Makambako unamfaa, akabaki. Mtu aliyekulia kwenye njia panda ya Dar, Mbeya na Songea huwezi kumpangia bei. Alilivaa, akalivua, akalitia dosari mfuko, akalitia dosari bitana, akaondoka mara mbili, akaitwa mara mbili, na mwisho akalipata kwa 12,000 pamoja na soksi zangu jozi moja. Kifungo kimoja kilidondoka kwenye basi siku hiyohiyo. Nilikata cha koti langu mwenyewe nikamshonea. Ndicho hicho kisichofanana.

Mfuko wa kushoto: pipi ya kifua iliyoganda na karatasi yake, leso, ufunguo uliofungwa uzi mwekundu, na bahasha ya sadaka ya ahadi. Bahasha ina namba na jina. Jina si lake. Ni langu.

Ufunguo niliwapa akina mama. Walishangilia mpaka wakakumbuka walipo, wakanyamaza ghafla, mmoja akaanza kulia, tukamalizia hapo. Bahasha niliirudisha mfukoni. Ndani ilikuwa na 5,000.

Wiki iliyofuata wakaja shemeji zangu kutoka Makambako. Walisema wamekuja kunijulia hali, na nawaamini, ila walikuja na shangazi kaja mbili, zote tupu. Mama mkwe alikuwa ametoa ruhusa, na kwa mila yetu nguo za mwanamke zinawaendea ndugu zake wa kike. Sina ugomvi na hilo. Nasema tu kuhusu mwendo. Walichukua kitenge, wakakinusa, wakalia, wakakunja, wakatia begini. Kingine, wakanusa, wakalia, wakakunja, wakatia begini. Kulia hakukupunguza kasi hata kidogo. Vitenge 34 kwa muda ambao mimi huchukua kunyoa ndevu. Wakachukua viatu, mitandio, hata kioo kidogo cha mkononi. Walipofika kwenye koti, mikono ikapita juu yake kama wanapita juu ya nyoka.

"Hilo, Shemeji, baki nalo," alisema mkubwa wao. "Kumbukumbu."

"Mbona ndilo zuri kuliko yote?"

Wakatazamana. "Alilougulia," akasema mdogo, taratibu.

Kweli. Usiku ule nilipompeleka hospitali ndilo alilovaa. Akaliacha kwenye kiti, likarudi nyumbani na mimi.

Basi nikaanza kazi ya kuligawa, na hapo ndipo nilipojua kuwa katika mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita, watu wanatetemeka mpaka wanashindwa kuhesabu chenji, huwezi kugawa koti la sufu bure. Kijana anayenipakilia magunia nilimkuta saa kumi na mbili asubuhi kavaa fulana juu ya fulana juu ya fulana. Nikamtolea. Akalipokea kwa mikono miwili, akalishika kitambaa, akauliza lilikuwa la nani. Nikamwambia. Akalirudisha kwa mikono miwili vilevile.

"Asante sana, Mzee. Lakini hili lina mtu."

Lina mtu! Nililipeleka kwa mama muuza maandazi, akasema linambana, na hakulijaribu. Nililiacha makusudi kwenye benchi la kilabu cha ulanzi, nikaondoka nikijifanya nimesahau. Kabla sijafika njia kuu mlevi mmoja alinikimbilia analo. Mlevi! Mtu anayeweza kusahau viatu vyake alikumbuka koti langu.

Nikasema limetoka Makambako, litarudi Makambako. Nikapanda kosta asubuhi, tukaipita Kibena na miwati yake, kilomita kama 60 nimelikumbatia mapajani, na konda akataka nauli ya mzigo. Makambako upepo ulikuwa unavuma ule wa kwao, unaokuvua kofia na kukuvalisha ya mwenzako. Sokoni nikamkuta muuza mitumba amekalia belo, mengine matatu nyuma yake bado yana waya. Nikamwonyesha. Akalipenda papo hapo. Akaligeuza, akasifia sufu, akataja 8,000. Nikajua likishatundikwa litauzwa 25,000, lakini sikuja kufanya biashara.

"Ulilitoa wapi, Mzee?"

Ningesema uongo mambo yangeisha. "Lilikuwa la marehemu mke wangu."

Akaliweka chini. Hakulitupa, aliliweka, kama mtu anavyoweka sufuria iliyomuunguza mbele ya wageni.

"Mzee wangu," alisema, "hapa hatuuzi vitu vya marehemu."

Naomba msomaji unisubiri hapa kidogo, kwa sababu mimi sikuweza kuendelea na sidhani kama ni haki uendelee wewe. Mtu huyu alikuwa amekalia belo la mitumba. Sisi wa umri wangu tunakumbuka nguo hizi zilivyoitwa kabla biashara haijafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na hata baadaye: kafaulaya. Yaani kafa mtu Ulaya, nguo zake zimetufikia. Wala si sisi peke yetu tuliowaza hivyo. Ghana wanaziita kwa Kiakani obroni wawu, maana yake mzungu amekufa. Mashati ya marehemu wa Hamburg tumefungia ndoa. Suruali za marehemu wa Chicago tumepigia magoti kanisani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke kabisa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutufungia mlango wa soko lao, ule wa AGOA, Rwanda wakakaza shingo, sisi tukarudi taratibu kwenye mabelo yetu. Mke wangu alisikia habari ile redioni akasema, hao wakuu hawajalala Njombe mwezi wa saba. Basi maiti wa nchi zote za baridi tunawavaa tukiwa tunacheka, hatuulizi walikufa kwa nini, hatuulizi walikuwa wachawi au wema. Akifa mama wa hapa, aliyekukopesha chumvi juzi, koti lake lina mtu.

Nilimwambia yote hayo, kwa sauti, na wateja wakasogea. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini hao wa Ulaya, Mzee, hawajui njia ya kuja Makambako."

Nikarudi nalo. Konda wa jioni naye alitaka nauli ya mzigo.

Sasa bahasha. Lazima niseme wazi msimamo wangu kuhusu kanisa ulivyokuwa. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na Ubena hilo si jambo la kujivunia sana, maana wamisionari wa Berlin walishafika kwa babu zetu tangu karne ya 19. Nilibatizwa, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa, na kwa hesabu yangu nilikuwa nimemaliza madarasa yote isipokuwa la jeneza. Jumapili ni siku ya kupakia. Lori likitoka Makambako Jumapili jioni, viazi viko sokoni Dar Jumatatu asubuhi, na Mungu anayeotesha viazi nilidhani anaelewa. Mke wangu alikwenda peke yake. Hakunigombeza. Hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu kwa mambo mengine yote aligombeza.

Nilikwenda ofisi ya usharika siku ya kazi, makusudi, ili nisikutane na ibada. Nikamwambia karani nimeokota bahasha yenye jina langu. Akafungua daftari kubwa, akateremsha kidole.

"Ndiyo, Baba. Wewe ni msharika wetu mzuri sana. Ahadi yako umetimiza kila mwezi." Akageuza kurasa nyuma, akageuza tena. Mwaka jana, mwaka juzi, miaka ya huko. "Unadaiwa tangu mwezi wa tatu tu."

Nilikaa. Kumbe nilikuwa Mkristo hodari miaka yote hiyo na sikuambiwa. Na nikajua papo hapo hela zilipotoka. Kila wiki mke wangu alinidai hela ya chumvi. Kwa chumvi niliyoilipia mimi, nyumba yetu ingeweza kukausha dagaa wote wa Ziwa Nyasa. Nikatoa bahasha, nikaiweka mezani, mwezi wa tatu ukalipwa na marehemu mwenyewe. Karani akapiga mstari, akanitazama.

"Na wa nne, Baba?"

Hivyo ndivyo nilivyoingizwa. Hakuna mahubiri yaliyonigusa, hakuna ndoto, hakuna mwanga. Nilikuwa na deni, na mchuuzi mwenye jina lake hawezi kuvumilia kuona jina hilo kwenye daftari lina pengo. Nikasema nitaleta Jumapili. Na kwa kuwa nakuja, nikasema, naweza kuleta na koti, kanisa likampe mhitaji. Karani akafurahi. Mimi nikafurahi. Hakuna aliyetaja mnada.

Kwa wasiosali kwetu: baada ya ibada, vile vitu ambavyo watu wametoa badala ya fedha, mayai, kuku, mkungu wa ndizi, debe la viazi, vinanadiwa nje ya kanisa, na hela inaingia kwenye sadaka. Nimetoka nje Jumapili ile mguu mmoja uko njiani kuelekea nyumbani, nasikia kelele, nageuka. Mnadishaji, mwalimu mmoja kijana mwenye koo la tarumbeta, ameshika jogoo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia amening'iniza koti la mke wangu.

"Koti la sufu! Mfalme Sulemani hakuvaa hivi! Elfu mbili nani?"

Sauti ya bibi mmoja mbele: "Tatu!"

Nikasema moyoni, vizuri, liende. Ndicho nilichotaka.

"Tatu mara ya kwanza! Tazameni vifungo, wapendwa, vitano! Vinne ndugu, wa tano huyu hapa ametoka ukoo mwingine, ameoa!"

Watu wakacheka. Sijui kilichonipata. Nikasikia mtu anasema "Tano!" na mtu huyo alikuwa mimi.

Bibi akageuka kuona nani anamsumbua. "Tano na nusu."

"Saba!"

"Saba na nusu," alisema bibi, na akafungua fundo la khanga kuhakikisha.

"Kumi!"

Mnadishaji akashusha jogoo. "Mzee," aliniuliza mbele ya usharika mzima, "hili koti si wewe uliyelileta?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa unanunua koti lako mwenyewe?"

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akiwa na joho lake, kwaya, watoto, hata akina mama watano wa VICOBA. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, na nilishangaa kuona mashine bado inafanya kazi. Katikati ya kicheko yakaja yale mengine, na watu wakawa na ustaarabu wa kuendelea kumtazama jogoo.

Bibi alifika 12,500 akaishiwa. Nikasema 13,000. Likawa langu, kwa bei inayozidi ya mwaka 2009 kwa elfu moja, bila soksi. Mfukoni nilikuwa na 6,500. Nikasema andika, nitaleta Jumapili ijayo, na karani akafungua daftari kwa furaha ambayo sikuipenda.

Nilimfuata yule bibi. Alikuwa na sweta lenye matundu mawili mgongoni na khanga moja juu yake, na upepo ulikuwa unapita humo kama wenye nyumba.

"Kamwene, Bibi. Ulijua hilo koti lilikuwa la nani?"

"Kamwene, mwanangu. Najua. Mkeo alikuwa analivaa akiniletea uji nilipovunjika mguu."

Uji! Hata uji sikujua.

"Huogopi? Wenzako wote wamelikataa."

Akanitazama kama mtu aliyeuliza viazi huota wapi. "Niogope nini? Yeye nilimjua. Hayo mnayonunua Makambako ndiyo naogopa, wenyewe siwajui walikufa na nini mioyoni."

Nikamvalisha. Likamfika kwenye visigino. Akafunga vifungo vyote vitano, akaanza na kile changu.

Tangu siku hiyo koti lipo kanisani kila Jumapili, benchi la tatu, upande wa kulia. Mimi nakaa la tano. Nilikwenda ya kwanza kulipa deni la mnada. Ya pili nilikwenda kuhakikisha kifungo kimeshika. Ya tatu sikuwa na sababu, nikakaa nyumbani mpaka kengele ya pili, nikajikuta navaa viatu. Viazi nimehamishia Jumatatu, na madalali wa Makambako wananiita Mwinjilisti. Waite.

Msije mkadhani nimemaliza mambo yangu na Mungu. Jumapili moja lilisomwa lile somo la Matendo ya Mitume, sura ya 9, Dorkasi alipofariki Yafa, na wajane wakamzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea. Nilikaa wima. Nikatazama benchi la tatu. Nilifikiri, huyu aliyeandika alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu. Lakini Petro alipiga magoti, na Dorkasi akaamka. Wa kwangu hakuamka. Hilo swali nimeliweka wazi, namuuliza Mungu kila Jumapili, na sadaka natoa huku namuuliza. Mchungaji nilimweleza, akasema hata yeye analo la kwake, tukanywa chai.

Kabati sasa lina milango mitatu na mashuka mawili. Hotipoti imepata mwenyewe. Kitenge cha kwaya kimepata mwenyewe, na kumbe aliazima ili awapikie siku ya sikukuu ya mavuno. Suruali ziko kwenye msumari, hapo tusiharakishane.

Imebaki ile sufuria. Ni kubwa, ya kupikia wali wa watu kama 20, ina nukta mbili nyekundu chini ya ukingo na imebonyea kidogo upande mmoja, na hivyo nilivyoikuta ndivyo ilivyo, msije mkasema mimi. Nimeuliza VICOBA, nimeuliza kwaya, nimeuliza Makambako kwa shemeji zangu, na wote wanasema nukta zao si hizo. Mwenye sufuria yake, popote alipo kati ya Njombe na Makambako, aje aichukue. Nipo nyumbani siku zote, asubuhi na jioni, isipokuwa Jumapili.